Batri Chini ya Kitenge cha Madamu

Madamu hakuwa mtu mpole. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi, hapa Kilibula, mtaa wetu wa Uvira, nasikia watu wakimwita "ule mama mupole wa fizike," na kila nikilisikia damu inanichemka. Walewale waliomgeuzia kisogo ndio sasa wanamtengenezea upole ambao hakuwahi kuwa nao hata siku moja. Alikuwa na hasira. Aliamka nayo, akaenda nayo misa ya kwanza, akarudi nayo sokoni mkononi ana kapu la ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alimkasirikia padri kwa kuchelewesha kengele, akamkasirikia muuza chumvi kwa kupima kwa kopo lililobonyea, akazikasirikia mvua kwa kunyesha siku ya kufua. Lakini ukimsikiliza vizuri ungegundua kwamba kilichomkasirisha kilikuwa kimoja tu: mtu anayejua namna kazi inavyotakiwa kufanywa, halafu anaifanya vibaya kwa sababu ana haraka.

Mimi ni mtu huyo. Tuendelee.

Alinifundisha fizike miaka miwili katika shule ya sekondari, nikasahau karibu yote. Nilipokuwa mtu mzima nikafungua studio ya picha hapa Kilibula: harusi, ubatizo, picha za vitambulisho. Yeye alikuwa jirani, nyumba ya nne kutoka kwangu, na tulisalimiana kama mwalimu na mwanafunzi wa zamani wanavyosalimiana, yaani mimi niliinama kidogo na yeye alinikagua viatu. Kisha binamu yangu aliyeko Ulaya akanitumia droni, mashini ndogo yenye mikono minne na helisi nne, yaani mapanga yanayozunguka, inayobeba kamera na kuongozwa kwa telekomandi, rimoti ya mkononi. Uvira nzima hapakuwa na mpiga picha wa harusi mwenye kitu kama hicho. Nikaenda nayo Kalundu, bandarini, ili wapagazi na wenye maboti wanione.

Niliiweka juu ya kapo, boneti ya lori lililoegeshwa, nikawasha. Iliinuka, ikazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, ikaenda upande wa ziwa, ikarudi, ikaangukia kwenye rundo la magunia ya mihogo. Watu wakapiga makofi kwa kucheka. Nyuma yao nikasikia sauti ninayoijua.

"Weye!"

"Jambo, Madamu."

"Usinipe jambo. Ile kitu uliiweka juu ya nini?"

"Juu ya kapo ya lori."

"Kapo iko ya nini?"

"Ya chuma."

"Na ile mashini inajua kaskazini kwa kutumia nini?"

Niliitazama mashini kwenye magunia. Wapagazi nao wakanigeukia, kama darasa.

"Dira," nikasema hatimaye.

"Dira. Na weye umeikalisha dira juu ya chuma. Minye nilifundisha nani ile miaka miwili? Nilifundisha ukuta?" Akanyoosha mkono. "Lete kitabu yake."

Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kifaransa, kurasa nyingi, nami nilikuwa nimesoma mbili za mwanzo. Alikaa nacho siku tatu. Kiliporudi kilikuwa na alama za kalamu ya risasi kila mahali, na sura moja ilikuwa imepigiwa mistari karibu yote. Ilikuwa sura ya kurusha na kutua wakati wa hiveri, majira ya baridi ya Ulaya.

"Hii uliiruka," alisema.

"Madamu, siye hatuna hiveri. Hiveri iko kwa Wazungu."

Alinitazama mpaka nikatamani kurudi kwenye magunia ya mihogo. "Hiveri haiko jina ya mwezi," akasema. "Hiveri iko digri. Panda kule kwa wafugaji mwezi wa saba, asubuhi, mbele ya jua kutoka, kisha urudi kuniambia hakuna hiveri."

Anayeishi hapa hahitaji kuelezwa. Sisi tunatokwa jasho kando ya ziwa, na milima imesimama nyuma ya nyumba zetu kama ukuta. Ukipanda siku nzima unafika kwenye nyanda za juu ambako watu wanavaa makoti mazito na ng'ombe wanatoa mvuke puani. Wenye harusi kubwa walikuwa kule, wafugaji wenye mifugo mingi na kwaya nzuri, na walitaka ng'ombe wao waonekane kutoka angani. Nilijua nitaitwa. Madamu alijua pia. Nadhani ndiyo sababu alianza kuja nami kwenye kazi, bila kuombwa, akiwa amefunga kitambaa chake kichwani na kubeba ubao.

Ule ubao ulichekesha watu sana. Ulikuwa mpana kama meza ya shule, umefunikwa kitambaa cha rangi ya chungwa. Droni ilirukia hapo na kutua hapo, hakuna mahali pengine. Nyasi zenye umande, alisema, zinapeperushia maji ndani ya mota. Ardhi iliyo nyeupe yote au maji yanayong'aa yanalidanganya jicho la mashini lililo chini ya tumbo, lisijue limebakiza urefu gani. Kwa hiyo aliipa kitu cha kutazama. Kabla ya kuruka alipitisha ncha ya kitenge juu ya kila helisi, taratibu, mbele na nyuma, akitafuta ile ngozi nyembamba ya ukungu ulioganda ambayo huioni kwa macho lakini inafanya helisi iwe nzito. Mimi nilikuwa nimesimama kando na telekomandi, bwana harusi ananitazama, nami naona aibu.

Naona aibu sasa kwa ile aibu.

Batri alizibeba mwilini. Hili ndilo watu wanalolikumbuka, na wanalisimulia kwa kucheka, na wakicheka natamani kuwapiga kofi. Alizifunga katika kitambaa safi, akazizungushia tumboni chini ya kitenge, tatu, na kutembea nazo hivyo kutwa nzima. Mwanamke wa miaka ile, ameshakuwa nyanya, tumbo limetokeza pembe. Vijana wa muziki walimwuliza anajifungua lini. Hakuwajibu. Mimi nilipomwuliza kama hazimuumizi alinijibu kama anavyojibu darasa: batri ikipata baridi, kile kilicho ndani yake kinakuwa kizito, nguvu ipo lakini haitoki. Namba kwenye ekra, kioo cha telekomandi, itakuambia tisini. "Ile tisini iko ya uongo," alisema. "Ni kama muntu amelala: ana nguvu yote, lakini umuamshe haraka, atakuangukia."

Na baada ya kuiwasha hakuruhusu iende. Iliinuka urefu wa kifua na kubaki hapo, ikinguruma, dakika nzima na zaidi. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Kwa muda mrefu nilidhani anasali. Alikuwa anahesabu na kusikiliza mota moja moja. Kutua nako alikuwa na sheria zake: irudi ikiwa imebakiza nusu; watu wakae hatua ishirini kutoka kwenye ubao; isipite juu ya vichwa vya watu hata kama bwana harusi mwenyewe anaomba; na mtu yeyote asiidake kwa mkono. Ikishatua, haiingizwi ndani ya nyumba yenye moto mara moja. Inafungiwa kwenye mfuko kwanza ipate joto polepole, isije ikatokwa maji ndani kama kioo cha dirisha.

Haya yote aliyasema kwa ukali. Sijawahi kumsikia akisema "tafadhali."

Tena alikuwa na vituko. Huyu aliyepima kila kitu alipanda pikipiki kwa kukalia upande, bila kofia ngumu, na kumpigia dereva kelele alipite lori la mbele. Goti lake lilivimba miaka na miaka asiende hospitali, akisema hospitali inajaa watu wasiojua kupanga foleni. Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, lakini Alhamisi alikwenda kusikiliza mazoezi ya kwaya ya Waprotestanti, akakaa benchi la nyuma, na wakiimba sauti mbovu alikunja uso mpaka kiongozi akasimamisha wimbo. Hakupenda kupigwa picha. Katika kazi zote tulizofanya pamoja ninayo moja tu ambayo yumo: imepigwa kutoka juu, na kinachoonekana ni mduara wa kitambaa cha kichwa na viwiko viwili vimetoka nje, mikono kiunoni. Hata kutoka angani unamwona amekasirika.

Wakubwa wa shule walimwondoa kwa barua ya mistari mitatu, walisema umri. Parokia ikampa darasa la Jumamosi kwa wanafunzi walioshindwa hesabu. Hilo darasa alilipenda kuliko misa. Nilipita siku moja nikamsikia akimwambia binti mmoja, "Weye hauko mujinga. Weye uko muvivu, na uvivu iko na dawa." Yule binti alikuwa anatabasamu. Sijui alifanyaje. Angenitukana mimi hivyo ningelia.

Sasa nifike kwenye harusi.

Tulipanda mwezi wa saba. Pikipiki hadi barabara inapoishia, kisha miguu. Goti la Madamu lilikuwa limevimba, akapanda kwa fimbo, na kila nilipotaka kumsubiri alinifokea nisimsubiri. Tulifika kabla ya giza. Wenyeji walitupokea kwa maziwa na moto. Bibi harusi alikuwa na kaka mmoja, Gadi, kijana wa miaka kama ishirini na mitano, mwenye mikono mikubwa. Ndiye aliyekamua ng'ombe wote wa nyumba ile, na watu walisema ng'ombe mkorofi akisikia vidole vyake anatulia. Alimuuliza Madamu maswali mengi kuhusu droni. Madamu aliyajibu yote. Nilimwona akimpa ashike helisi ili aone makali yake.

Tulipokwenda kulala alizifunga batri mbili tumboni. Ya tatu ilikuwa kwangu. Nilikuwa nimeitumia njiani kupiga picha za bonde, nikaichaji upya kwa jenereta ya wenyeji, kisha nikaitia katika mfuko wangu. Mfuko nikauacha barazani. Sikufikiri. Nilikuwa nimechoka.

Asubuhi nilitoka nikakuta majani yote meupe. Umande ulikuwa umeganda, unakatika chini ya viatu kama sukari. Vidole vyangu havikukunjika. Ng'ombe walikuwa wamekusanywa kwenye mteremko, wengi ajabu, pembe ndefu, mvuke umewafunika, na nyuma yao anga la kijani kabla ya jua. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, na nilikitaka.

"Tungoje jua ishike ule mugongo wa mulima," alisema Madamu. "Nusu saa. Minye naenda kwa wamama, wananiitia chai. Usiguse kitu."

Alipoondoka, mjomba wa bwana harusi akaja. Alikuwa amevaa suti na kofia pana, mtu wa kuzoea kuitikiwa.

"Muko nangoja nini? Ng'ombe ziko naenda kwenye majani! Zikitawanyika haiko tena kitu ya kuona!"

"Tunangoja jua, Mzee."

"Jua ya nini? Hii mashini yako iko mihogo ya kuanika? Rusha!"

Watu wakageuka kunitazama. Batri zenye joto zilikuwa tumboni mwa Madamu, nyumbani kwa kina mama. Batri ya baridi ilikuwa barazani. Nikaitia. Ekra ikasema tisini na mbili. Sikufuta helisi. Sikuweka ubao. Niliiweka juu ya jiwe tambarare, nikasukuma kijiti, ikaenda juu moja kwa moja, kisha nikaisukuma mbele kwa nguvu yote kuelekea ng'ombe. Watu wakapiga vigelegele. Mjomba akanipiga bega.

Nimeazimia kusimulia kila kitu, basi nasema na hili: kwa muda ule mfupi nilifurahi kwamba Madamu hayupo.

Tisini na mbili ikawa sabini. Sabini ikawa thelathini na moja, hivyo, hakuna katikati. Ikaanza kulia. Mashini ikifika hapo haikusikilizi tena, inatafuta mahali pa kushuka yenyewe, na kazi yako inabaki kuisukuma pembeni isishukie watu. Nilijua. Madamu alikuwa ameniambia mara nyingi sana. Lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi, sikuvisikia vijiti, na nyasi nyeupe zilikuwa zimeniwakia machoni. Ilikuja ikiyumba juu ya kundi la wageni.

Gadi aliniambia baadaye, tulipokaa hatimaye uso kwa uso, kwamba hakufikiri kuidaka. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti mbele yake, mzee wa miguu mibovu, na kile kitu kilikuwa kinamshukia kichwani. Aliinua mkono wa kulia tu, kama unavyomfukuza nyuki.

Damu juu ya nyasi nyeupe inaonekana nyekundu kuliko ilivyo. Watu walipiga kelele. Madamu alitoka mbio, sijui kwa goti gani, akaninyang'anya telekomandi na kuzima mota zilizokuwa bado zinakata majani, akapiga magoti, akavua kitambaa cha kichwa na kukifunga kwenye kiganja cha Gadi, akavuta kwa meno. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Sikuwa nimewahi kuziona.

Mjomba wa bwana harusi alikuwa amerudi nyuma. Sasa akasogea mbele tena.

"Nani amerusha?" akapaza sauti. "Nani mwenye hii kitu?"

Madamu alikuwa amepiga magoti, telekomandi imelala mapajani mwake. Akaniinulia macho. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Alinitazama tu, akangoja. Nimehesabu muda ule mara nyingi tangu siku ile. Ulitosha kabisa. Mtu angeweza kusema neno moja.

Nikatazama viatu vyangu.

"Minye njo mwalimu," akasema Madamu, yaani yeye ndiye mwalimu.

Walielewa walivyotaka kuelewa. Mjomba, ambaye alijua vizuri nani aliambiwa arushe na nani alimwambia, aliukamata ule uongo kwa mikono miwili. Alianza kumtukana. Alimwita bibi kizee mwenye wazimu, akasema mwanamke wa miaka ile kazi yake ni rozari. Wengine wakafuata. Tuliteremka siku ileile. Njia nzima hakuniambia kitu. Mara moja tu, aliposhindwa kushuka kwenye mawe, nikampa mkono, akautazama mkono wangu, akashuka kwa kukaa.

Habari ilitufikia mjini kabla yetu, au karibu. Bibi wa fizike amekata mkono wa mtu kwa mashini. Wazazi wakaenda parokiani, darasa la Jumamosi likafungwa. Wanawake aliowasalimia kila siku sokoni walianza kumpigia hesabu ya maneno yake ya zamani, wakagundua kwamba siku zote alikuwa mkali mno. Walisema hivyo wao, ambao watoto wao walifaulu mikononi mwake!

Na mimi? Kazi yangu iliongezeka. Nilinunua helisi mpya nikaendelea. Mama mmoja alikuja kuniita kwa harusi ya binti yake, akasema, "Ulifanya vizuri kumuacha ule mama. Angekuharibia jina." Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Maneno mawili. Kule mlimani nilinyamaza, na mtu anaweza kusema nilishikwa na hofu. Lakini hapa hapakuwa na hofu. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti changu, nimevaa shati safi, nakunywa fanta. Kama kuna kitu ambacho sitajisamehe, ni ile fanta.

Madamu aliendelea kupita mbele ya studio akienda misa. "Jambo," alisema. "Jambo, Madamu." Hakunikagua viatu tena. Hilo liliniuma kuliko tusi lolote, kisha likanikasirisha. Ndiyo, nilimkasirikia yeye. Nilijiambia: kwa nini hasemi? Kwa nini ananibebesha? Mtu akikosa anaweza kufika mbali sana na akili kama hiyo. Baadaye akafunga nyumba na kwenda kuishi Mutarule, kwa mdogo wake anayelima mahindi. Hakuniaga.

Miaka ikapita, na anga letu likaharibika. Zilianza kusikika droni za aina nyingine, ambazo hazibebi kamera za harusi. Siku hizi mtu akisikia mlio juu anavuta watoto ndani. Niliifungia yangu kwenye sanduku. Ningeirusha leo watu wangekanyagana. Na hapo ndipo nilipoanza kumfikiria Madamu kila siku, nikiwa na ghadhabu isiyo na pa kwenda. Mwanamke yule alikuwa na adabu na kitu chenye makali. Alijua kinaweza kukata, kwa hiyo alikipasha moto tumboni mwake, akakifuta, akasogeza watu hatua ishirini. Wanaorusha zile nyingine wanajua pia kwamba zinakata.

Mwaka huu, mwezi wa sita, mwanamke alikuja studio kupiga picha ya kitambulisho. Nilimkalisha, nikapanga taa. Alinitazama kupitia kamera kwa namna ambayo ilinifanya nishushe mikono.

"Haunijui," akasema. "Minye njo bibi harusi."

Alikuwa dada wa Gadi. Alishuka kutoka milimani na watoto wawili. Nikamuuliza kuhusu kaka yake. Alisema vidole viwili havikunjiki tena. Hakamui. Ng'ombe wanakamuliwa na mtoto wa jirani, na Gadi anakaa kwenye jiwe na kumwambia mtoto yule anavyokosea.

"Lakini Madamu anamufanyisha mazoezi," akasema. "Kila mwaka mwezi wa saba anapanda. Analeta chumvi ya ng'ombe na mafuta ya kukanda mukono. Vidole vilikuwa vinne havikunji. Sasa ni viwili."

"Anapanda? Na lile goti?"

"Siku mbili anapanda. Analala njiani." Akajipanga kwenye kiti. "Piga picha, papa. Watoto wana njaa."

Siku iliyofuata nilikwenda Mutarule. Nilimkuta shambani, ameinamia mahindi, jembe mkononi. Alikuwa mdogo wa mwili. Hilo sikulitegemea, jinsi alivyokuwa mdogo. Aliniona nikija kutoka mbali na hakuacha kulima. Niliposimama mbele yake hakusema jambo.

"Madamu, nimekuja kusema. Ile siku ni minye nilirusha. Niliweka batri ya baridi. Weye ulikuwa—"

"Uko naniambia minye?" Akanyooka polepole, mkono mgongoni. "Minye nilikuwapo. Unaniambia habari ya kitu nilichoona?"

"Nataka unisamehe."

"Njo maana ulikuja. Umekuja kuchukua kitu."

Mdogo wake, aliyekuwa mstari wa pili, aliweka jembe chini akaenda kuchota maji, na hapakuwa na haja ya maji. Tukabaki wawili.

"Kwa nini hukusema, Madamu? Ungesema tu. Wangenilaumu minye, wala si weye."

"Nilikungoja." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na nilipotazama niliona si uzee, ni ileile hasira, nzima, kama nilivyoiacha. "Pale chini nilikungoja. Nikasema, atasema njiani. Nikasema, atasema tukifika. Nikangoja wiki. Nikangoja mpaka walipofunga darasa yangu, nikasema sasa atakuja, hawezi kuacha wafunge darasa. Wale watoto walikuwa ishirini na wawili. Weye ulikuwa studio."

Akang'oa gugu kwa nguvu, akalitupa kando.

"Kisha nikaona, huyu hatakuja, na mukono ya mutoto wa watu iko pale. Nikapanda. Ile hasira njo ilinipandisha. Usifikiri ni upendo."

"Gadi anajua?"

Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Gadi alikuwa akitazama weye. Batu bote walitazama juu, yeye alikuwa akitazama mikono yako, alitaka kujifunza. Ameniambia mwaka ya kwanza. Akasema, ni ule mwingine. Nikasema, najua. Akasema, atakuja? Nikasema, sijui."

"Na kila mwaka…"

"Kila mwaka ananiuliza. Kila mwaka nasema sijui. Weye unajua namna gani kupanda siku mbili kwenda kusema sijui?"

Nililia. Alinitazama nikilia bila kulainika hata kidogo, kisha akaingia ndani ya nyumba kando ya shamba. Nilisikia akivuta vitu. Alitoka na gunia la chumvi na chupa ya mafuta iliyofungwa kwa kitambaa, akaviweka miguuni pangu.

"Goti imekataa mwaka huu," akasema. "Beba."

"Nitapanda wiki ijayo, Madamu. Nifunge studio kwanza, nina—"

"Beba."

Nikabeba. Alinifuata hadi barabarani, hatua kwa hatua, akiegemea mpini wa jembe. Ilipita pikipiki, akaisimamisha kwa kuinyooshea lile jembe. Dereva alikuwa mtu mzima aliyevaa koti la mvua, alimjua, akamsalimia kwa Kirundi. Gunia likafungwa nyuma, nikapanda. Nikamuuliza tena kama amenisamehe. Hakunijibu mimi. Alimsogelea dereva.

"Mupeleke mpaka barabara inapoishia," akamwambia. "Akikuambia simama, usisimame."

Tulipofika njia panda ya kuelekea mjini nilimpiga dereva bega, nikamwambia asimame, kuna kitu nimesahau.

Hakusimama.